Sauti ya Baba Iliyowekwa kwa Seva

Mwenye kuwajibika ni kampuni iliyoinunua tovuti ya bure ambamo dada yangu Nekesa aliweka katuni zake, ikaifunga, kisha ikafuta kila kilichokuwamo. Natanguliza jambo hili ili msomaji asihangaike kumtafuta mkosaji miongoni mwa watu nitakaowataja. Dada yangu hana kosa, wala mwenye saiba, lile duka la mtandao alikofanya kazi, na mama yangu ndiye wa mwisho kabisa kulaumiwa. Jina la kampuni nimeliandika katika malalamiko yangu rasmi, mahali linapostahili. Hapa nasimulia utoto, na utoto wangu haukulijua jina hilo.

Nilikuwa karani wa masjala serikalini hadi idara yetu ilipounganishwa na nyingine, tukastaafishwa kabla hata ya nywele kuanza mvi. Kazi hiyo ilinifundisha kuviheshimu vitenzi. Katika masjala faili haipotei, hupotezwa. Kitenzi cha kwanza hakina mtu ndani yake, cha pili kinamwita mtu asimame na kujieleza. Kwa hiyo wenzangu wa rika langu wanaponiambia, kwa nia njema, kwamba zile katuni za zamani za mtandaoni "zilipotea tu", huwasahihisha. Wengine hucheka. Wanasema nimeacha kazi lakini kazi haijaniacha.

Mama yangu anaishi nami sasa. Presha ya macho imemnyang'anya nuru yote. Juzi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amepakata fremu yenye picha ya marehemu baba, vidole vyake vikitembea juu ya kioo polepole kama mtu anayechambua mchele. Picha ilikuwa juu chini. Nilitaka kuigeuza, nikaona haya. Alinisikia nikisita mlangoni.

"Wafula?"

"Naam, Mama."

"Hii kioo haina kitu. Nitafutie ile sauti ya baba yenu. Ile ya Nekesa."

"Ile ya kwenye katuni?"

"Kwani kuna nyingine?"

Hakuna nyingine. Nasi ndivyo tulivyoingia katika msako huu, yeye kitandani na mimi mbele ya kompyuta.

Tulikulia mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, katika ploti ya vyumba vilivyotazamana, kamba za nguo zikiwa zimevuka ua kutoka dirisha hadi dirisha. Baba alifanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha nyuzi. Alirudi asubuhi akinuka mafuta ya mashine, vumbi jeupe la pamba limemkaa kwenye nyusi, nami kwa muda mrefu niliamini kwamba usiku ndio uliokuwa ukimzeesha, na kwamba akinawa uso anarudishiwa miaka yake. Kabla ya kulala alikagua nyumba. Ukaguzi huo ulikuwa wa sauti zaidi kuliko macho. Alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, na kinywani mwake herufi z ilikuwa s.

"Nani ameacha mlango wasi? Na hii taa! Taa inawaka mchana! Kwani jua limekatiwa stima?"

Nekesa alikuwa amemaliza kidato cha nne. Karo ya chuo haikupatikana, akaajiriwa kuhudumu katika saiba iliyokuwa chini ya ghorofa yetu, kando ya mama mmoja aliyekaanga mandazi mlangoni. Harufu ya chumba kile siwezi kuichanganya na nyingine yoyote duniani: plastiki iliyopata moto, vumbi lililoungua ndani ya skrini, na mafuta ya mandazi. Wateja walipokuwa wachache Nekesa alichora kwa kipanya. Hakuna aliyemfundisha. Alitafuta, akabonyeza, akakosea, akarudia, hadi mstari ukainuka na kutembea.

Aliyezaliwa humo aliitwa Keateka, msimamizi wa ploti. Alikuwa na kichwa cha duara, miguu ya vijiti, na rundo la funguo kubwa kuliko kiwiliwili chake. Kazi yake ilikuwa kukemea. Alimkemea mbuzi aliyekula nguo kambani, akaikemea mvua kwa kunyesha bila ruhusa, akaukemea mfereji kwa kukosa maji. Sauti ya mfereji ilikuwa yangu. Nilikaa mbele ya redio ya kaseti nikikoroma kwa koo hadi nikapata kikohozi, na Nekesa akanilipa kwa andazi moja.

Sauti ya Keateka ilikuwa ya baba. Baba hakujua. Redio ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama ilivyokuwa desturi ya kila nyumba yenye heshima, na chini ya kitambaa hicho Nekesa alikuwa amebonyeza kitufe cha kurekodi kabla baba hajaingia. Asubuhi kadhaa zilimtosha. Kisha akaibeba kaseti hadi saiba, akaiingiza kwenye kompyuta kwa waya aliouazima, akaikata sauti ile vipande vipande na kumvika Keateka.

Vijana wa mtaa walijaa.

"Nekesa, weka ile ya mbuzi!"

"Huyu keateka ni wa wapi na hiyo ni sauti ya mbuyu wako?"

"Nyamaza wewe, Baba akisikia atanitoa meno."

Alikuja kusikia, au karibu asikie. Siku moja alishuka kumwita Nekesa, akasimama mlangoni mwa saiba na kofia yake mkononi. Wote walikauka. Baba akatazama juu, akaona taa ya dari.

"Na hapa pia? Taa inawaka mchana! Kwani jua limekatiwa stima?"

Saiba nzima ililipuka. Kuna kijana aliyeanguka kutoka kwenye stuli. Mama wa mandazi alicheka hadi akaunguza karai zima, ingawa hakuwahi kuitazama katuni hata moja. Alicheka kwa sababu wengine walicheka. Baba aligeuza kichwa huku na huku, kisha naye akatabasamu taratibu kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia. Jioni, akivaa viatu vya kwenda zamu, alimwambia mama, "Hawa vijana wa siku hisi si wabaya. Ukiwaambia maneno ya maana wanafurahi."

Nakumbuka stima ikipotea mara moja katikati ya Keateka. Skrini ilimezwa na kidoa kimoja cheupe, nacho kikafa. Nilishikwa na hofu.

"Sasa ameenda wapi?"

"Hajaenda mahali," Nekesa alisema. "Hawezi potea. Yuko kwa seva. Huko ako sawa kuliko sisi."

Kiswahili cha vitabu kingesema "kwenye seva". Kiswahili cha Nairobi kinasema "kwa", na katika mitaa yetu "kwa" ni mlango wa mtu. Kwa Mama Kamau palikuwa na sukuma wiki, kwa Fundi palikuwa na viatu vilivyosubiri nyuzi. Nani angenilaumu kwa kuamini kwamba kwa Seva palikuwa na mtu aitwaye Seva, aliyetunza picha zetu ndani ya nyumba yake? Nilivutiwa naye. Nilimwazia mtu mkubwa, mwenye subira, asiyeuliza maswali mengi. Kisha nikataka kumwona.

Na Seva alikuwapo. Hilo ndilo lililonimaliza. Niliuliza kwa siku chache, mama mmoja wa mitumba akanielekeza Kariobangi, kwenye mabanda ya mafundi wa jua kali ng'ambo ya barabara kubwa, kwa mzee aliyefua masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Jina lake la ubatizo lilikuwa Xavier. Vinywa vya watu vilikuwa vimelifupisha. Nilipofika nilisimama nikaduwaa. Masanduku yalikuwa yamepangwa hadi kwenye paa, kila moja na kitasa chake, mekundu na ya buluu. Ni wapi pengine ambapo mtu angehifadhi vitu vya thamani?

"Mzee, hapa ni kwa Seva?"

"Ndiye mimi," alisema bila kuacha nyundo. "Sema, kijana."

"Nimekuja kuangalia katuni za dada yangu."

"Katoni?"

"Katuni."

"Si ndio nasema! Katoni za nani?"

"Za Nekesa. Wa saiba."

Nyundo kumi zilikuwa zikigonga pande zote. Mzee alielekeza kidole nyuma ya banda, ambako kulikuwa na lundo la maboksi ya karatasi yaliyofungwa kwa kamba, ya wateja na ya majirani wa soko.

"Hizo zote pale ni za watu. Hakuna kitu ya mtu inapotelea hapa, umesikia? Mwambie dada yako akuje mwenyewe. Mimi sipeani vitu kwa watoto."

Nilirudi nyumbani nikiwa na amani ambayo sijawahi kuipata tena ofisini, kanisani wala benki. Nilikuwa nimemwona mtunzaji, naye alikuwa na kanuni. Nasema bila mzaha kwamba mzee yule alikuwa mtunza kumbukumbu bora kuliko wote niliofanya kazi chini yao: hakujua kilichomo ndani ya katoni, lakini alijua si chake, na kwamba mwenyewe lazima aje.

Baba aliugua kifua, akapelekwa hospitali, akafa. Siwezi kuirefusha sentensi hiyo, ndivyo ilivyokuwa. Ndugu walikusanyika chumbani mwetu jioni baada ya jioni kupanga safari ya kumpeleka nyumbani kuzikwa. Mama alikaa sakafuni kwenye godoro, miguu ameinyoosha, analia bila sauti. Sikuweza kuvumilia. Nilimshika bega, nikamwambia kile nilichoamini kuwa ndicho faraja pekee iliyobaki nyumbani mwetu.

"Mama, usilie. Sauti ya baba bado iko. Iko kwa Seva."

Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliweka kikombe chake chini.

"Seva ni nani?"

"Ni mtu wa Kariobangi. Ana masanduku mengi."

"Na baba yako alikuwa anaenda huko?"

"Yeye hapana. Sauti yake."

"Mnasikia?" Shangazi alisimama, akafunga leso upya kiunoni. "Mnasikia maneno ya mtoto? Kumbe kuna nyumba ingine! Huyo Seva ana watoto wangapi?"

"Ata mimi nilikuwa najiuliza," Mama Kamau, jirani yetu wa mboga, alisema kwa sauti ya chini iliyosikika na wote. "Zamu ya usiku kila siku? Kila siku?"

"Shangazi, seva ni kompyuta!" Nekesa alilia.

"Kompyuta ina nyumba Kariobangi?"

Ilichukua muda kuliweka jambo hilo sawa. Nekesa alilazimika kukiri mbele ya waombolezaji kwamba alikuwa akimrekodi baba yake chini ya kitambaa, na kwamba mtaa mzima ulikuwa ukimcheka. Wajomba walianza kujadili faini ya kumtoza. Mama aliinua uso. Hakuuliza habari ya mwanamke mwingine, wala ya kicheko cha mtaa.

"Kwa hivyo naweza kumsikia?"

Siku iliyofuata, kabla ya safari ya mazishi, Nekesa alimpeleka saiba. Mwenye saiba aliwatoa wateja wote, akafunga mlango kwa heshima. Mama alivishwa vifaa vya masikioni juu ya kitambaa chake cha kichwa. Nilisimama kando ya kiti. Sisi hatukusikia kitu. Tuliona tu vijiti vya Keateka vikitembea kwenye ua, funguo zikiruka. Mama alikaza macho. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu walioziba masikio, kwa ukali ule ule wa kila asubuhi:

"Si ni wewe umeuacha!"

Alikuwa akimjibu kuhusu mlango. Akacheka, mkono mdomoni, akacheka hadi machozi yakashuka, na hapo sikujua tena kama ni kicheko au kilio. Ilipokwisha alivua vile vifaa mwenyewe.

"Inatosha. Usiitoe. Iache hapo hapo, nitakuja siku ingine."

"Haiendi mahali, Mama," Nekesa alisema.

Hakurudi. Wengine wangedhani alisahau. Mimi naijua nyumba yetu: kilicho kizuri hakiliwi chote siku moja. Sukari ya wageni ilikaa juu ya kabati, na vikombe vya maua havikuguswa hadi mchungaji aje. Mama aliiweka sauti ile kama alivyoviweka vitu hivyo. Kaseti yenyewe ilikuwa imekwisha kufunikwa na nyimbo za kwaya, zilizorekodiwa na mama huyo huyo, bila kujua kilichokuwa chini yake. Hilo hatujamwambia mpaka leo, na ninawaomba wasomaji wangu nao wasimwambie.

Sasa niseme nilichokipata.

Nekesa ana saluni Kariobangi. Nilipomwendea kuomba neno la siri la akaunti yake ya zamani, alikuwa amemshika mteja kichwa, uzi wa kusukia ukining'inia mdomoni.

"Wafula ndugu yangu, hata barua pepe yenyewe ilikufa. Ni kitu nilifungua nikiwa msichana. Wacha mambo ya kufufua."

"Si mimi ninayetaka. Ni Mama."

Aliacha kusuka. Mteja alimtazama kwenye kioo, akangoja, akapitisha mkono kuchukua simu yake.

"Anaitaka sasa?" dada yangu aliuliza. "Baada ya miaka yote?"

"Haoni picha tena."

Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaniandikia kila jina alilowahi kulitumia.

Kompyuta za saiba ziliuzwa kama vyuma zamani. Katika hifadhi moja ya kurasa za kale za mtandao nililiona ganda la ukurasa wake: kichwa cha habari kipo, rangi ya machungwa aliyoipenda ipo, na chini yake maoni ya watazamaji, wakicheka kwa herufi. Mmoja ameandika kwamba huyu keateka ni baba yake kabisa. Katikati, pale alipokuwa Keateka, pana mstatili wa kijivu. Maneno ya wapita njia yamehifadhiwa; mwenye nyumba ameondolewa.

Niliandika kwenye mabaraza ya mtandaoni ya watu wanaotafuta katuni za namna hiyo, vijana na wasio vijana, kila mmoja na kidonda chake. Mteja wa zamani wa saiba ile, ambaye sasa ni fundi wa simu, alinijibu kwamba alikuwa amenakili mojawapo kwenye sidii. Moja tu. Siku aliponitumia nilimwongoza mama hadi mbele ya kompyuta. Nilimketisha mama, nikafungua.

Ilikuwa ile ya mfereji, na haikuwa nzima. Keateka anatoka, anatikisa funguo, anausogelea mfereji, nao mfereji unakoroma. Unakoroma kwa muda mrefu. Kabla hajafungua kinywa kuukemea, picha inaganda na kukatika.

Mama alikuwa ameinamisha sikio.

"Huyo ni wewe," alisema. "Ulikuwa mdogo hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na baba yenu anaingia lini?"

"Hii imekatika, Mama. Bado natafuta."

Hiyo ndiyo sentensi ninayompa kila anapouliza, naye huuliza kila siku, kwa upole wa mtu anayejua mahali alipokiweka kitu chake.

Kampuni ilinijibu hatimaye. Inasema kwamba ilani ilitolewa. Ilitolewa kwa barua pepe, kwa anwani iliyokwisha kufa, kumwarifu msichana ambaye hakuwapo tena. Katika masjala yetu hakuna faili iliyoteketezwa bila mwenye haki kutafutwa mahali anapopatikana, na bila afisa mwenye jina kutia sahihi. Inasema pia kwamba kilichofutwa kilikuwa "maudhui yasiyotumika". Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara nimelazimika kusimama na kutembea. Mama yangu hakuwa ameacha kuitumia sauti ya mumewe. Alikuwa ameiweka. Kama kampuni ile haiijui tofauti kati ya kitu kilichotupwa na kitu kilichowekwa, haikuwa na haki ya kupokea amana ya mtu yeyote.

Kwa sababu hiyo nadai yafuatayo, nami sitapunguza hata moja. Afisa aliyeidhinisha ufutaji atajwe kwa jina na kwa cheo. Ielezwe kwa maandishi iwapo nakala yoyote imebaki popote, na ikiwa imebaki, irudishwe kwa Nekesa bila masharti. Na ikiwa haikubaki, kampuni imtume mtu mwenye mamlaka hadi nyumbani kwangu, aketi mbele ya mama yangu, amwambie yeye mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa kinywa chake, kwamba walikuwa na sauti ya mume wake na waliifuta. Mimi sitaifanya kazi hiyo kwa niaba yao. Barua haitapokelewa, kwa kuwa aliyedhulumiwa haoni. Anasikia.